Mtoto na ndege ya rimoti: aanzie wapi, na ile ndege ya mjomba ifanyweje

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, nalifupisha. Kaka yake karudi kutoka China na ndege ya rimoti, bawa limezidi mita moja, propela iko mbele, rimoti ina vijiti viwili na vitufe kibao. Baba watoto akaijaribu uwanja wa jirani saa nane mchana, ikapanda, ikageuka, ikajipiga chini kwa pua. Sasa binti wa miaka 12 anaitaka, mdogo wake wa kiume wa miaka 9 hataki hata kuishika, anasema itavunjika tena. Mama anauliza umri gani unafaa, waanze na nini, na je si bora angewanunulia droni tu maana yenyewe inasimama hewani bila shida.

Dada yangu, nianze na huyo wa miaka 9 maana ndo kagusa penyewe. Huyo mtoto haogopi ndege. Aliona sura za wakubwa ile siku ilipoanguka, akaona mjomba alivyonyamaza, akapiga hesabu zake kimya kimya kwamba hiki kitu ni cha gharama na mimi nikikishika nikakiharibu itakuwaje. Hawezi kujifunza kurusha kitu ambacho kikianguka nyumba nzima inanuna, na ndege ya anayejifunza itaanguka tu, hilo halina mjadala. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza kama mzazi ni kupunguza bei ya kuanguka, kuanzia ndege yenyewe, uwanja, saa mnayorusha, urefu mnaopanda, mpaka maneno mnayoambiana pale uwanjani. Ndege ya mjomba iwekeni juu ya kabati kwanza. Itashuka siku yake ikifika, nitakuambia mwishoni.

Umri, watu wengi wanataka namba. Miaka 8 au 9 mtoto anaweza kabisa akiwa na mtu mzima pembeni, ila mie naangalia zaidi kama anaweza kusubiri zamu yake, kama ukimwambia acha anaacha papo hapo, na kama anajua kushoto na kulia bila kuangalia mkono anaolia chakula. Akiwa navyo hivyo vitatu mpeleke. Hana, hata awe na miaka 14 subiri kidogo.

Waanze na ndege isiyo na mota wala rimoti. Najua binti wa miaka 12 atakwambia hii ya watoto wadogo, mwambie ajaribu kwanza. Chukueni lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la tv au friji, maduka ya vyombo vya umeme pale Mwanjelwa ukiomba wanakupa maana kwao ni takataka. Kateni kwa kisu chenye makali, unene wa sentimita moja hivi, bawa lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 10, mkia wa kulala sentimita 20 kwa 7, na kidogo cha kusimama juu ya mkia. Kiwiliwili ni kipande cha mwanzi mkavu mwembamba, sentimita 45 kinatosha, na mianzi kwetu huku sio kitu cha kutafuta. Bawa likateni katikati mlirudishe kwa gundi likiwa na mkunjo, ncha zote mbili zimeinuka sentimita 4 au 5 kuliko katikati, huo mkunjo ndo unaoifanya ndege ijirudishe yenyewe ikiinama upande mmoja. Angalizo la gundi: supa gluu inakula hilo povu jeupe, inalitoboa kabisa, tumieni gundi nyeupe ya mbao mwache ikauke usiku mzima. Bawa lifungeni kwenye mwanzi kwa mpira wa manati ili muweze kulisogeza mbele na nyuma.

Hapo sasa ndo somo linapoanza. Ibebeni kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 3 kutoka ukingo wa mbele, ikae sawa bila kuinama mbele wala nyuma. Mkia ukiwa mzito bandikeni sarafu ya shilingi 200 puani kwa selotepu, ikibidi mbili. Afu mtoto airushe taratibu, mbele kabisa, sio juu, kwenye majani. Ikiinua pua, ikasita, afu ikadondoka, mkia ni mzito, ongezeni sarafu. Ikichomoka kwenda chini moja kwa moja, pua imezidi, punguzeni, au kunjeni ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo sana. Waache wahangaike wenyewe na hilo mchana mzima, usiwape jibu haraka. Mtoto aliyeona kwa macho yake ndege inapoteza mwendo ikainua pua ikaanguka, siku akiwa na rimoti mkononi ukimwambia "usivute sana inakosa mwendo" anakuelewa bila maelezo, na wengi wanaoangusha ndege, pamoja na wakubwa, wanaiangusha kwa kosa hilo hilo, wanaona ndege inashuka wanavuta kijiti ipande, mwendo hakuna, bawa linashindwa kubeba. Na faida nyingine, hiyo ndege ya povu ikivunjika inaungwa kwa nusu saa na hajanuna mtu. Huyo wa miaka 9 mpe kazi ya fundi mkuu, gundi na sarafu ziwe chini yake. Baada ya kuiunga mara kadhaa ule woga utaisha wenyewe bila kumhubiria.

Wakati huo huo waanze simuleta, yaani programu ya kujifunza kurusha ndege kwenye skrini. Kuna programu inaitwa PicaSim, ni ya bure, inaingia kwenye simu ya Android na kwenye kompyuta pia. Kwenye kompyuta ni bora zaidi ukipata waya wa kuunganisha rimoti yenu ili vidole vizoee vijiti vyenyewe. Dakika 20 kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo wanaanza kuchezea tu kuigonga chini wacheke. Chagueni ndege ya taratibu, na kazi moja tu kwa siku za mwanzo, kuzunguka mduara kwa kushoto mpaka uwe mzuri, afu kwa kulia.

Kuna jambo moja litawasumbua wote, na wewe pia, na baba watoto ndo lilimwangusha nina uhakika karibu wote. Ndege ikienda mbali na wewe, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka inakuja kwako, vimepishana, ukisukuma kijiti kulia inainamia kushoto kwako. Mtu anaona inaenda kusiko, anasukuma zaidi, inazidi, kwishney. Dawa ambayo mtoto anaishika haraka ni hii: ndege ikiwa inakuja kwako, angalia bawa lipi limeinama chini, sukuma kijiti upande huo huo wa bawa lililoinama, kama unalitegemeza lisianguke. Litanyooka. Fanyeni zoezi hili nyumbani bila ndege kuruka, wewe unashika ile ya povu mkononi unatembea nayo sebuleni, unaigeuza, unainamisha bawa moja, mtoto ameshika rimoti iliyozimwa anasukuma upande unaofaa, mnabadilishana. Inaonekana mchezo, ila hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, maana hewani hana nafasi ya kufikiri, kidole lazima kiende chenyewe.

Sasa ndege ya kweli ya kuanzia. Tafuta yenye bawa juu ya kiwiliwili, ncha zimeinuka, imetengenezwa kwa lile povu la kunepa ambalo ukilibinya linarudi, propela ikiwa nyuma ya bawa ni bora zaidi kwa sababu ikitua kwa pua propela haivunjiki na vidole viko mbali nayo. Vidhibiti vitatu vinatosha: moto wa mota (yaani propela izunguke kwa nguvu kiasi gani), kupanda na kushuka, na kugeuka. Achana na zile zinazofanana na ndege za vita, ni nzuri kwenye picha, hewani zina kasi na hazisamehi. Rimoti uliza kabla hujalipa kijiti cha moto kiko upande gani, wengi tunatumia moto kushoto na kugeuka kulia, kama mwalimu wenu anatumia hivyo na wewe umenunua ya kinyume mtasumbuana sana.

Droni? Sio kitu kibaya, ila haijibu swali lako. Inasimama hewani kwa sababu kompyuta na vipima vyake ndo vinaishikilia, mtoto anaiambia tu nenda kule. Bawa inabidi uliendeshe muda wote, halikusubiri. Wakitaka kupiga picha mnunulie droni, wakitaka kujua kwanini ndege inaruka wape bawa.

Nije kwenye hali yetu ya huku maana video nyingi za mtandaoni zimepigwa sehemu za chini, hazikuambii haya. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na nyie Uyole mmezidi kidogo. Hewa huku ni nyepesi kama asilimia 15 kulinganisha na Dar. Maana yake bawa lile lile linataka mwendo mkubwa zaidi, karibu asilimia 9, ndo libebe uzito ule ule, na propela nayo inashika hewa kidogo kwa hiyo msukumo unapungua. Ndege ambayo pwani ingeondoka taratibu na kutua kama inaelea, huku kwetu inatua kwa haraka na ukiipunguzia moto mapema inadondoka. Kwa hiyo usiongeze uzito wowote, usiweke betri kubwa kuliko iliyoandikwa eti ikae muda mrefu hewani, wala usibandike kamera. Iringa na Njombe ni hivyo hivyo, Njombe ndo zaidi.

Afu upepo. Saa nane mchana, dada, ndo ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Jua likishapasha moto ardhi hewa inapanda na kushuka ovyo, na upepo ukipiga kwenye milima kama Loleza unakuja huku chini umejikunja kunja, ndege nyepesi inarushwa kama karatasi. Rusheni alfajiri, jua likishatoka tu mpaka saa tatu, ikizidi sana saa nne. Chukua uzi mwembamba ufunge kwenye fimbo, ukisimama wima au ukicheza kidogo rusheni, ukinyooka kwa upande rudini nyumbani mkanywe chai, na mwambie mtoto mapema kabla ya kutoka kwamba kurudi bila kurusha ni jambo la kawaida la marubani wote. Miezi ya Juni mpaka Agosti asubuhi ni shwari ila baridi inauma, vidole vya mtoto vikiganda havisikii kijiti, avae glavu zilizokatwa ncha na apumzike kila baada ya zamu. Kuanzia Novemba au Desemba mvua zikikolea, hasa upande wa Tukuyu, mtapata asubuhi chache, basi ndo muda wa simuleta na gundi.

Uwanja wa mpira mmoja haumtoshi anayejifunza. Una urefu wa mita 100 hivi, ndege ya taratibu inaumaliza kwa sekunde chache, mtoto anaanza kugeuza kwa haraka na haraka ndo inaangusha. Mashamba baada ya mavuno ndo uwanja wetu bora, mahindi yakishatolewa na mabua kulazwa, au malisho ya ng'ombe yenye majani, ikianguka inaangukia laini. Ombeni kwa mwenye shamba, na mwenyekiti wa mtaa ajue, msishangaze watu. Nyaya za umeme ziwe mbali kabisa, barabara kuu ya Tanzam iwe mbali, na jua liwe mgongoni mwenu sio machoni. Watoto wa jirani watakuja tu, hata saa kumi na mbili alfajiri, watakuja, kwa hiyo chora mstari chini, wote wanakaa nyuma ya anayerusha na ndege haipiti juu ya watu hata siku moja.

Na sheria nalo usiliruke. Vitu vinavyoruka bila rubani ndani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, usijiambie kwamba hiki ni cha watoto hakiwahusu. Waulize kabla ya kurusha kama ndege yenu kwa uzito wake inahitaji kibali, na uwape eneo mnalotaka kutumia. Jirani na uwanja wa ndege wa Songwe hapana, wala karibu na kambi za jeshi, na msiende nayo hifadhini Kitulo mkidhani ni malisho tu.

Siku ya kwanza ya kuruka kweli, wewe au baba yao mmoja awe ameshajifunza. Hili najua sio jibu ulilotaka. Lakini mtoto anamwachia nani rimoti ikiwa nyote hamjui? Kama hamuwezi, tafuteni mtu anayerusha, vijana wanaosoma uhandisi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wapo wanaopenda haya mambo, ulizia. Vizuri zaidi ni rimoti mbili zilizounganishwa, mkubwa ana swichi, akiachia tu uendeshaji wa ndege unarudi kwenye rimoti yake. Mkubwa anaipandisha mpaka juu, mita 50 au 60, yaani urefu wa mkaratusi mrefu na nusu nyingine juu yake, anaiweka sawa na moto kiasi, ndo anampa mtoto. Mtoto anageuza tu, moto haugusi. Urefu ndo unaompa muda wa kukosea na kurekebisha, watu wazima wengi wanaogopa juu wanakaa chini karibu na ardhi, na karibu na ardhi ndo hakuna pa kurekebishia. Akipotea asijue ndege imeelekea wapi aachie vijiti, ile ya mabawa yaliyoinuka itajinyoosha yenyewe.

Kubalianeni maneno mapema. "Chukua" analisema mtoto muda wowote akiona imemshinda, na hakuna kumuuliza kwanini. "Nipe" analisema mkubwa, na mtoto anaachia saa hiyo hiyo. Mengine ni "legeza", "kushoto kidogo", basi, usimwage maelezo mtoto akiwa anarusha. Usipige kelele hata ndege ikienda vibaya. Zamu dakika 3 au 4, afu mwenzie. Na huyo binti asije akageuzwa mshika betri mdogo wake akishachangamka, zamu ziwe sawa. Kutua ni jambo la mwisho kabisa, wiki nyingi mkubwa ndo anatua.

Kabla ya kila safari washeni rimoti kwanza, kijiti cha moto kiwe chini kabisa, ndo muunganishe betri ya ndege. Mkimaliza betri ya ndege inatoka kwanza, rimoti inazimwa mwisho. Sogezeni vijiti muangalie mkia na bawa vinaenda upande sahihi, vuta kijiti, ukingo wa nyuma wa mkia unainuka, kama wanavyokumbuka kwenye ile ya povu. Betri ikishaunganishwa propela ihesabuni kama kisu kinachozunguka hata kama imesimama, mikono mbali nayo, na nywele na skafu za binti zifungwe.

Betri hizi za lipo, yaani za lithiamu polima zinazoendesha ndege, ndo kitu pekee ambacho sitaki mtoto akiguse peke yake. Zina nguvu nyingi, zikiumia zinawaka moto na moto wake ni mkali. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, mtu mzima yupo macho, usiku mmelala hapana. Chaja iwe ya lipo. Betri iliyoandikwa mAh 1,300 ichaji kwa ampea 1.3, ya 2,200 kwa 2.2, hivyo hivyo. Kila seli ikijaa inasoma volti 4.2, tueni kabla haijashuka chini ya 3.5, na kama hamrushi wiki nzima iacheni kwenye 3.8. Baridi ya asubuhi inaipunguzia nguvu, ibebeni ndani ya jaketi na viunganishi vifunikwe visigusane na funguo.

Ndege ya mjomba mtaishusha kabatini siku ambayo yule binti anaweza kuchora nane hewani kwa pande zote mbili na kutua mwenyewe bila mkubwa kugusa, na awe anarudia hivyo asubuhi hadi asubuhi, sio mara moja ya bahati. Siku hiyo mkubwa airushe kwanza. Ila kuna moja la leo leo, usisubiri siku hiyo: toa betri iliyokuwa ndani ilipoanguka uiangalie. Ikiwa imevimba, imebonyea kona au ina harufu tamutamu, usiichaji tena kabisa. Itoe nje ya nyumba, iweke ndani ya ndoo ya mchanga mkavu mbali na chochote kinachoshika moto, na usiitupe kwenye taka za kawaida wala jalalani wanakochezea watoto. Propela nayo badilisheni hata kama inaonekana nzima, afu zungusha mhimili wa mota kwa kidole taratibu, ukiona unayumba umepinda, unahitaji mpya kabla ya lolote.